Kigoda Chini ya Nyoka

BABA, KABLA YA SALAMU: ANZA NA UKURASA WA MWISHO. UKISHAFANYA NILICHOOMBA HUMO, NDIPO URUDI HAPA.

Kaskazini mwa Uingereza,
Ijumaa mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Waitu, shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeiitikia mdomo tu huku ukipapasa kutafuta miwani. Iko kwenye mfuko wa koti la kanisani, ilipo siku zote. Magoti yanasemaje na mvua hizi? Mama Adela bado anakuchemshia mchaichai kila asubuhi, au bado unamwambia umekunywa kumbe umemwagia mgomba? Na kahawa ya nyuma ya nyumba, imeshaanza kuiva au mvua imeiangusha? Mimi ni mzima wa mwili, nakula. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu leo nimeshika kalamu.

Wewe na simu hamuivi chungu kimoja. Nikipiga, Edina ndiye anayekupigia kelele sikioni, na maneno yangu kumi yanakufikia matatu. Haya ya leo sitaki yapitie kwa mtu. Nimeyaandika kwa herufi kubwa kama unavyoona. Nitayapiga picha nimtumie Projestus, mtoto wa shangazi, pale dukani kwake Bukoba anapowachapishia watu barua za kazi. Kesho anakuja Muleba harusini, na ameniahidi kwamba kabla ya kurudi Bukoba atakuwekea kurasa hizi mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Nianze na habari za huku, usije ukasema mwanao siku hizi anakwenda moja kwa moja kwenye shida kama askari. Mvua ya huku ni nyingi kama yetu ila haina radi. Inanyesha kimyakimya kama mtu aliyenuna. Ndizi wanazo, lakini ukiwaambia ndizi zinapikwa wanakutazama kwa huruma. Masomo yanakwenda. Ukiulizwa kanisani, tafadhali usiseme tena "anasomea watoto wadogo", watu wakacheka. Sema anasomea elimu ya awali na uongozi wake, shahada ya pili. Nakumbuka ulivyoniuliza siku ya kuondoka: mtoto wa miaka minne anahitaji digrii mbili za kumwambia anywe uji? Nikakujibu kwamba wewe ulikaa miaka yote ile Maruku, kwenye kituo cha utafiti, ukilinda miche ya kahawa kitaluni, na hakuna aliyekuuliza kwa nini mche unahitaji mtu mzima. Ukanipa baraka. Nilijiona nimeshinda.

Siku mbili kwa wiki tunatumwa kwenye shule za watoto kujifunza kwa vitendo. Mkuu wa shule niliyopangiwa ni mama mmoja mfupi, Bi Joan. Kila asubuhi kabla mtoto yeyote hajaingia, anazunguka na karatasi yake: mlango, dirisha, soketi, uzio, ukuta. Ukutani anaweka kiganja kabisa, anatulia kidogo, ndipo anaweka alama ya vema. Wiki ya kwanza nilimwandikia Edina kwamba wazungu wanasalimia kuta. Tulicheka sana. Sasa sicheki. Anapoweka kiganja ukutani mimi natazama viatu vyangu, Baba, kwa aibu, na sababu ya aibu hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Unakumbuka ile michoro? Nilimwomba Edina, mdogo wangu niliyemwachia funguo za shule, kila mwisho wa mwezi awape watoto karatasi wachore "shule yetu", apige picha, anitumie. Ni ya tasnifu yangu. Nataka kuonyesha kwamba mtoto ambaye hajajua kuandika anajua mengi kuhusu mahali anapokaa, na kiongozi mwenye akili anamsikiliza. Wewe uliona ni kuharibu karatasi, mtoto mzima anachora yai lenye miguu. Mimi niliipenda. Wanachora ghala lako, ambalo sasa ni darasa, na bati lake. Wanachora mlango wa bluu. Wanamchora Mama Adela na sufuria ya uji kubwa kuliko yeye. Wewe wanakuchora fimbo kwanza, halafu mtu.

Na ukutani wanachora mstari mweusi uliojikunjakunja. Mwezi wa kwanza niliuona kwenye michoro michache. Mwezi wa nne haukukosekana karibu kwenye karatasi yoyote.

Nikasema huyu ni nyoka. Nani asingesema? Nikasimama mbele ya wanafunzi wenzangu na kuwahubiria kuhusu watoto wa Buhaya, vibanja vya migomba, nyoka anayejificha kwenye majani makavu, na jinsi hofu ya mtoto inavyopanda mpaka kwenye karatasi. Niliongea kwa kujiamini kiasi kwamba ungedhani nimelelewa na nyoka. Wakanipigia makofi. Msimamizi wangu, mama mpole asiyependa maneno mengi, alirudisha karatasi zangu na kuandika pembeni kwa penseli swali moja: Umewauliza?

Sikuwa nimewauliza. Nikamwambia Edina awaulize.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi kwa sababu ulikuwepo. Edina aliwaonyesha ule mstari kwa kidole, wakamjibu wote pamoja, "Enjoka!" Naye hakuuliza mara ya pili. Nyoka darasani! Mama Adela akabandika maji, wewe ukachukua jembe, mkaenda nyuma ya ukuta kwenye ule mpasheni nilioupanda, mkachimba mkitafuta shimo lake. Edina alinisimulia huku akicheka. Alisema mlilipata. Alisema uliingiza fimbo yako, ikazama mpaka mkononi bila kugusa kitu, na mkamwaga maji ya moto ndoo baada ya ndoo na shimo halikujaa. "Dada," akaniambia, "nyoka huyo ana nyumba kubwa kuliko yetu."

Nami nilicheka, Baba. Nilicheka huku mwili ukinisisimka, kwa sababu pale pale nilianza kuelewa fimbo yako ilipita wapi.

Nikamwomba Edina kitu kimoja tena: siku ya kuchora aache simu irekodi sauti, aiweke mezani, asahau kwamba ipo. Akanitumia. Nimeisikiliza mara nyingi mpaka najua kila kikohozi. Watoto wanachora, Edina anapita katikati yao. Anauliza, "Na wewe Kemi, hapa umechora nini?" Ndiye Kemi wangu, mjukuu wako. Anajibu, "Nyoka." Edina anasema, "Nyoka tulishamfukuza, babu alimwagia maji." Hapo Kemi anaanza kueleza, haraka haraka, kwa Kihaya, kwa sababu mambo marefu hajayajua kwa Kiswahili. Anasema nyoka hajaondoka, yumo ndani ya ukuta wenyewe. Anasema mvua ikinyesha anatema mchanga. Anasema zamani kidole kilikuwa hakiingii na sasa mkono wake unaingia.

Anasikika vizuri, Baba. Kila neno. Na juu yake inasikika sauti ya Edina: "Kiswahili! Ndani ya mlango huu tunasema nini? Kiswahili! Haya, nenda kwenye kigoda."

Halafu kinasikika kigoda kikiburutwa sakafuni.

Usimkasirikie Edina. Ile sheria si yake, ni yangu. Mimi ndiye niliyeandika juu ya mlango kwamba humu ni Kiswahili tu, na mimi ndiye niliyeleta kigoda cha Kihaya, kwamba mtoto anayeteleza akasema lugha ya nyumbani akae pale peke yake mpaka wimbo uishe. Wazazi waliipenda sheria hiyo kuliko hata uji. Wewe peke yako ulinitania, ukasema sasa mjukuu wako utazungumza naye kwa mkalimani. Nilikujibu kwa kiburi cha mwalimu. Huku nimefundishwa kwamba mtoto mdogo akinyimwa lugha yake anajua jambo lakini hawezi kulisema. Nimelipata swali hilo kwenye mtihani na nikalijibu vizuri mno. Nilipata alama za juu, na muda wote huo mwanangu alikuwa kwenye kigoda.

Baada ya kusikia sauti ile nilichapisha michoro yote, nikaitandaza sakafuni chumbani kwangu kwa mpangilio wa miezi. Nyoka wa kweli anatembea, Baba. Leo yuko mlangoni, kesho yuko kwenye bati. Huyu hatembei. Katika kila karatasi, kwa kila mtoto, anaanzia pembe ya chini ya dirisha la nyuma na kushuka mpaka kwenye herufi M, ile niliyoichorea mgomba. Mwezi hadi mwezi anapita M, anafika chini. Na anazidi kunenepa.

Mahali pale napajua. Nilipapaka mimi.

Sasa nitakuambia jambo nililokuficha, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasema lolote.

Tangu lile tetemeko, ulisema ghala lako halikuguswa. Nyumba za watu zililala, lako likasimama, tukatoa shukrani kanisani. Halikusalimika, Baba. Lilikuwa na ufa mwembamba kama uzi kwenye ukuta wa nyuma. Nilipotaka kufungua chekechea nilimwita Fundi Deo aukague. Aligonga, akasikiliza, akachimba kidogo chini kwa mkono, akainuka akipangusa vidole. Akaniambia, "Mwalimu, huu haukupasuka juu. Msingi umekatika. Mimi lipu hapa siweki. Bomoa, au tafuta pengine pa kuweka watoto." Nilimwambia apunguze sauti kwa sababu wewe ulikuwa umekaa mlangoni unachambua maharage.

Alipoondoka uliniuliza, "Fundi kasemaje?" Nikakujibu, "Kasema ni lipu tu imechoka." Ukatabasamu. Ukasema, "Nilijua. Ukuta wangu ule." Ukaanza kunisimulia tena jinsi wewe na marehemu Mama mlivyobeba mawe kutoka bondeni mwaka ule kahawa ilipokubali, na Mama akiwa na mimba yangu na akikataa kupumzika. Nilikuacha usimulie mpaka ukamaliza.

Ningependa kusema nilidanganya ili nisikuumize. Ni kweli kidogo. Kweli zaidi ni kwamba wazazi walishaleta watoto, kibali kilikuwa kinakaribia, na niliutaka sana ule ukuu wa shule. Jumapili moja nilisema nina homa, mkaenda misa wote. Nikakoroga saruji mwenyewe, nikaziba. Juu yake nikapaka rangi, na juu ya rangi nikachora herufi zote na picha zake ili jicho la mtu lisitafute kitu kingine. Nje nikapanda mpasheni upande ukutani, ule unaousifia kwa matunda yake. Wakaguzi walikuja, wakasimama mbele ya herufi, wakasema mwalimu huyu ana ubunifu. Sikumhonga mtu, wala sikughushi karatasi. Nilipaka rangi tu. Picha ya ukuta huo ndiyo niliyoambatisha nilipoomba nafasi ya masomo haya, Baba. Ndiyo iliyonileta huku kusomea uongozi.

Na kigoda nikakiweka pale, chini ya M, ili mtoto aliyeadhibiwa asikae bure, aangalie herufi.

Fundi Deo hakurudi tena kwetu. Nasikia yuko Goziba, anawajengea wavuvi kambi, na kufika huko ni kwa boti tu. Ukitaka kuhakikisha maneno yangu mtumie salamu kwa wachuuzi wa samaki. Lakini usingoje jibu lake ndipo utende.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia Edina tu kwenye simu. Nilimpigia Jumatano. Niliapa kwamba nitasema. Nikamuuliza, "Ule ukuta wa herufi, uko salama?" Akaniuliza, "Si fundi alisema ni lipu?" Na mimi, Baba, mwanamke mzima, mama wa mtoto, nikasema, "Ndiyo." Lilitoka lenyewe. Nikajaribu kuzunguka, nikamwambia hata hivyo watoto wahamie kwenye kanisa dogo la kigango mpaka mvua zipite. Akakasirika. Akasema mahafali yako mlangoni, wazazi watamwona ameshindwa, na kwamba tangu niondoke namwongoza kama roboti. Maneno yake haya hapa: "Dada, uongozi wa kusomea uko huko kwako. Huku mimi naongoza kwa funguo. Baba akisema nifunge, nitafunga leo leo. Wewe, hapana."

Hana kosa. Anamkatalia dada mwenye wasiwasi, hajui kwamba anakataa maneno ya fundi. Kesho, ukishaisoma hii, nitampigia nimwambie yote. Wewe utakuwa umeshajua, na mdomo wangu hautakuwa na pa kukimbilia.

Kabla hatujaagana aliongeza malalamiko, na hayo ndiyo yaliyoniondolea usingizi. Alisema watoto wamekuwa wakaidi. Hawataki kukaa benchi la upande wa herufi. Wanajibana wote upande wa mlango, wanne kwenye benchi la wawili, akiwahamisha wanarudi. Amewakataza, amewasimamisha, hawasikii. "Upande ule," akasema, "siku hizi anakaa wa kigoda tu."

Soma hapo mara mbili, Baba. Watoto wa miaka minne wameshajihamisha wenyewe, bila kuambiwa na mtu. Anayejaribu kusema kwa nini, anasema kwa Kihaya. Na anayesema Kihaya tunampeleka akakae chini ya ufa.

Kwa hiyo ninakuomba mambo yafuatayo, na ninakuomba kwa magoti. Jumatatu asiingie mtoto mle ndani. Mwone katekista, akupe kigango, benchi zetu zitatosha humo. Chukua panga ukate mpasheni wote kutoka ukutani, utazame kwa macho yako. Lile shimo mlilochimba usilifukie wala usilisogelee, na mtu asisimame upande ule. Edina mwambie funguo ni zake bado, na aliyekosea ni mimi. Wazazi wakiuliza, waambie jina langu. Usiseme "mafundi walikosea", usiseme "mvua". Ukuta ule ni wako na wa Mama, najua, na najua ninachokuomba ni kuulaza chini. Nisamehe kwa hilo la kwanza kabla ya mengine yote.

Nisalimie shangazi, mama yake Projestus, na umwambie senene alizonitumia zilifika zikiwa salama na nilizila peke yangu mlango ukiwa umefungwa. Nisalimie Mama Adela, mpishi wetu wa uji, mikono yake isichoke. Nisalimie katekista na mkewe aliyenisomea sala ya safari. Baba yake Kemi akipiga kutoka Mwanza mwambie aje, hata kwa siku moja. Mengine nitamwambia mwenyewe. Edina msalimie kwa namna ya pekee, na umwambie kwamba dada yake anamwogopa kidogo leo. Na Kemi umbebe, hata kama magoti yanakataa, umweke mapajani.

Ni mimi mwanao mkubwa, niliyekuita shahidi wa kazi zangu zote na hii moja nikakuficha,

Leokadia.

UKURASA WA MWISHO, UNAOSOMWA KWANZA

Baba, nilikuwa nimeshakunja kurasa nilizoandika. Ujumbe wa Edina umeingia sasa hivi, na picha moja.

Anasema kesho Jumamosi saa tatu asubuhi watoto wote wanakuja kufanya mazoezi ya nyimbo za mahafali. Anasema mvua haijakatika tangu jana, kwa hiyo watafanyia ndani. Nimempigia mara tano. Simu yake inaita, hapokei. Nimempigia Mama Adela, simu imezimwa. Nimemwandikia Edina ukweli wote, mistari mitatu, bila kuzunguka. Alama inaonyesha haujasomwa. Projestus nimempata. Hangoji harusi. Anachapisha kurasa hizi na kupanda gari la leo leo, na nimemwambia asipokukuta nyumbani akutafute mpaka akuone.

Kwa hiyo ukishika karatasi hii, simama. Chukua kufuli la ghala la kahawa, lile kubwa la zamani, ulifunge mlango wa bluu. Mtu asiingie kuchukua benchi, daftari wala ngoma. Kesho asubuhi kaa pale mbele kwenye kiti chako, mbali na ukuta, na wakija watoto waulize wewe, kwa Kihaya, nyoka yuko wapi leo na amefika wapi. Watakuonyesha. Mwache kila mmoja aseme mpaka amalize, na Edina asikilize.

Picha niliyotumiwa ni mchoro wa jana. Edina ameituma akisema tazama, mwanao anajua kuchora sasa, watu wake wana vidole. Ni kweli wana vidole. Watoto wamechorwa wote kwenye rundo karibu na mlango. Nyoka ameshuka toka dirishani mpaka sakafuni, na amemfanya mnene kuliko mtu. Chini yake kuna mtoto mmoja kwenye kigoda, ana sweta la njano, lile nililomtumia mwezi uliopita, na mdomo wake haukuchorwa.

Mwambie Kemi mama amesikia. Mwambie mama amesema aseme kwa Kihaya, kwa sauti, popote alipo, na asikae pale tena.